Idhini Niliyoichukua Nyuma ya Pazia

Vijana wawili wanaokaa sasa kwenye meza yangu katika ofisi ya ndoa ya msikiti wetu hapa Temeke walikuja nyumbani wiki iliyopita na malalamiko. Wanataka kujua kwa nini niliacha agizo kwamba karani asipokee jibu la bibi harusi kupitia mlango uliofungwa au pazia, hata kama ndani kuna wanawake hamsini na wote wanamfahamu tangu anazaliwa.

"Mzee, watu wanatununia," mmoja aliniambia. "Wanasema tunawachelewesha, pilau linapoa."

Siku ile niliwajibu kwa kifupi kwamba pilau likipoa hupashwa moto. Jibu refu ni hili. Nimeliandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya vijana wengine, wa kike na wa kiume, ambao siku moja watajikuta upande mmoja au mwingine wa pazia hilo.

Nilikuwa karani wa ndoa kwa miaka kumi na tisa, mpaka macho yalipoanza kuona mistari ya rejista ikipandana. Sheikh ndiye mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Karani anaandika, lakini kuandika ni sehemu ndogo ya kazi yake. Sehemu kubwa ni kuuliza. Unamuuliza mwanamume jina lake, umri wake na kama ana mke mwingine. Unamuuliza walii, yaani ndugu wa kiume anayemwozesha bibi harusi, wana uhusiano gani hasa, kwa sababu Dar es Salaam kila mtu ni mjomba wa kila mtu. Kisha, kabla sheikh hajamshika mkono bwana harusi, wewe na mashahidi wawili mnakwenda alipo bibi harusi kumwomba idhini. Mnamtajia jina la mwanamume, mnamtajia mahari, mnamuuliza kama anamkubali. Mkirudi barazani mnasema, "Amekubali," na shughuli inaanza.

Wengi huiona safari hiyo kuwa pambo. Mimi pia niliiona hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kukiri.

Sikusomea kazi hii chuoni. Niliishia darasa la saba, nikafanya kazi ghala la mbao. Elimu ya ndoa niliipata kwa njia mbili: kwa Mwalimu Kombo, aliyekuwa karani kabla yangu, na kwa vitabu vya sheria ya Kiislamu nilivyovisoma kamusi ikiwa pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, kila neno nisilolijua nikilinakili kwenye kadi. Nilimaliza kadi nyingi. Bado ninazo, na mke wangu bado anauliza zinasubiri nini kabatini.

Mwalimu Kombo alikuwa mtu mrefu, mkali kwa habari ya wino. Kalamu ya bluu hakuiruhusu hata kusogea karibu na rejista. Siku ya kwanza aliniambia, "Jina la mke muulize mke. Usimuulize mjomba."

Nilidhani anatania. Miezi michache baadaye nilikuwa peke yangu kwenye harusi moja, haraka haraka, nikamuuliza mjomba. Mjomba akataja jina la nyumbani, na mimi nikaandika "Cheusi binti Ramadhani" kwenye cheti cha mwanamke aitwaye Rukia. Bwana harusi hakuona tatizo. "Hata mie namjua kwa Cheusi," alisema. Rukia aliliona. Alikuja ofisini Jumatatu, akaweka mezani cheti chake cha kuzaliwa na shahada yake ya ualimu, vimepangwa sawasawa, akakaa. Hakuondoka mpaka nilipomaliza kuandika upya.

Kutoka kwa Rukia nilijifunza kitu ambacho vitabuni nilikuwa nimekipita bila kusimama. Mwanamke wa Kiislamu anaingia kwenye ndoa na jina la baba yake, na halibadiliki. Mahari anapewa yeye. Baba hapewi, kaka hapewi. Mali aliyokuja nayo inabaki yake. Na kabla ya yote hayo, anaulizwa. Mimbarini mambo haya husemwa kwa sauti kubwa, chini ya anwani ya hadhi ya mwanamke, na wanaume tunatikisa vichwa. Lakini hadhi hiyo haikai mimbarini. Mtu mmoja lazima ainuke, aende mpaka chumba cha ndani na aulize swali mwenyewe. Asipokwenda, hotuba ile imebaki maneno.

Kuna kanuni moja hapa ambayo ni lazima muijue, maana hadithi yangu yote imesimama juu yake. Msichana ambaye hajawahi kuolewa akiulizwa akanyamaza, ukimya wake huchukuliwa kuwa ni kukubali, kwa sababu ya haya. Lakini mwanamke aliyewahi kuolewa, mjane au aliyeachwa, lazima atamke mwenyewe. Ukimya wake si jibu. Mwalimu Kombo aliongeza kwamba hata ukimya wa msichana una sura zake na karani lazima auone uso. "Kuna anayenyamaza huku anatabasamu," alisema, "na kuna anayenyamaza kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Nyuma ya ukuta utajuaje?"

Niliyaandika maneno hayo kwenye kadi. Kuyafuata likawa jambo lingine.

Siku hizi kazi imebadilika. Mara mbili, katika miaka yangu ya mwisho, nilichukua idhini kwa simu ya picha, bibi harusi akiwa Muscat kikazi. Mara ya kwanza kaka yake aliniletea simu imeshawashwa, dada anaonekana, anapunga mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla sijakuuliza, izungushe simu taratibu nikione chumba kizima."

"Chumba chote, mzee? Sijatandika."

"Kitanda sikihitaji. Nataka kujua nani yuko nyuma ya simu."

Akacheka, akaizungusha. Kulikuwa na kitanda ambacho kweli hakijatandikwa, dirisha na pasi. Nikamwomba ataje majina yake matatu, ataje jina la mwanamume anayemwoa, kisha aniambie kwa maneno yake mwenyewe kama anataka. Kaka yake alinong'ona, "Karani, umekuwa uhamiaji sasa." Utaratibu huo niliununua kwa aibu yangu mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Harusi ilikuwa ya mjane aitwaye Zuhura binti Salum. Alikuwa fundi cherehani, hashoni magauni ya sherehe bali sare za shule, kazi inayotaka mshono ulionyooka na uvumilivu. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili, akarudi kuishi nyumbani kwa marehemu baba yake, ambako kaka yake Idrisa alikuwa na familia yake. Idrisa ndiye aliyekuwa walii. Mwanamume alikuwa Bwana Hemedi, muuza vifaa vya ujenzi Tegeta, mtu wa makamo, mpole. Mahari ilikuwa cherehani ya umeme, mpya.

Tulifika baada ya swala ya Ijumaa. Baraza limejaa, turubai limefungwa, mbuzi amechinjwa, masufuria uani yanatoa mvuke. Nilikwenda ndani na mashahidi wawili. Mlango wa chumba ulikuwa wazi lakini pazia limeshushwa, lile zito la maua, likiishia shubiri moja juu ya sakafu. Mlangoni alisimama shangazi yao, Bi Mwanahawa, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza watu.

"Hapo hapo panatosha, baba," aliniambia. "Ndani wanawake hawajajisitiri. Uliza, atakusikia."

Kisha akaingia ndani, pazia likatulia.

Nikasoma maneno kama nilivyoyasoma mara nyingi. Zuhura binti Salum, kaka yako Idrisa anaomba idhini yako akuozeshe kwa Hemedi, kwa mahari ya cherehani ya umeme. Umemkubali?

Kimya. Nikasubiri. Nakumbuka nilitazama saa, kwa sababu sheikh alikuwa na ndoa nyingine Mtoni.

Kisha sauti ya kike ikasema, "Nimekubali."

Vigelegele vikapasua nyumba. Nikawageukia mashahidi, wakasema wamesikia. Nikaandika kwenye safu ya idhini: "Amekubali kwa kutamka." Ndoa ikafungwa, tukala. Nilipotaka kupeleka rejista ndani ili atie saini, Bi Mwanahawa alinizuia tena. "Ana hina mbichi mikononi, baba. Ataharibu hina na ataharibu kitabu chako. Jumatatu ataletwa ofisini."

Ilikuwa desturi yetu kukubali hilo. Kwanza kwa sababu ya hina, pili kwa sababu bwana harusi hangemchukua mkewe mpaka Ijumaa inayofuata, nyumba yake ikipakwa rangi. Hakuna aliyekuwa na haraka ya saini.

Jumatatu asubuhi alikuja mwanamke peke yake, amevaa ushungi wa kijivu na begi la kitambaa begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mie ndiye Zuhura."

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya chini, ya mtu anayeongea bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Ile niliyoisikia Ijumaa ilikuwa nyembamba, ya juu. Nilijiambia kwamba sauti ya mtu hubadilika siku ya harusi. Nikafungua rejista, nikaigeuza upande wake, nikampa kalamu. Hakuipokea. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na mikono hiyo haikuwa na hina. Hakukuwa na ua, hakukuwa na rangi hata kwenye kucha. Alama pekee zilikuwa za sindano kwenye ncha ya kidole.

"Mzee," alisema, "ni wewe uliyekuja Ijumaa kuuliza?"

"Ni mimi."

"Ulimuuliza nani?"

Nikamwambia nilimuuliza yeye, na nilisikia jibu.

"Mie nilikuwa kitandani, shangazi amenikalia mkono huu. Nilikaa kimya nikisubiri. Viatu vyako niliviona chini ya pazia, vyeusi, kimoja kimefungwa kamba ya kahawia. Nikasema moyoni, huyu ataingia tu, lazima anione, nami nitamwambia. Shangazi akajibu. Viatu vikageuka, vikaondoka."

Nilitazama chini. Kamba ya kahawia ilikuwa bado ipo.

"Kwa nini hukupiga kelele?" niliuliza. Ni swali ambalo leo nisingelimuuliza.

"Kwa vigelegele vile? Na kaka ameshachinja. Ningepiga kelele ningekuwa mwendawazimu mbele ya mtaa mzima. Nyie ndio mlikuja kuuliza, mzee. Kazi ya kuuliza si yangu."

Akanieleza mengine bila kupandisha sauti. Wiki ile ndiyo alikuwa ameambiwa kwamba ataondoka kwenda Tegeta na watoto watabaki Temeke kwa mjomba wao. Alisema hataki. Aliambiwa atazoea. Alikuja kwangu kwa sababu Ijumaa ingefika, gari lingekuja kumchukua, na hapo hakuna mtu angemsikiliza tena. Alikuwa na siku nne.

Sikiliza sasa, wewe utakayekaa kwenye kiti kile, namna karani anavyoweza kujificha ndani ya ukweli. Nilimwambia asubiri, nikaenda kwa sheikh, nikamweleza. Sheikh wetu ni mwadilifu, lakini pia ni mtu wa kupima mambo. Aliniuliza:

"Karani, ulisikia sauti au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Sauti ya mwanamke?"

"Ya mwanamke."

"Basi ukisema hivyo hujasema uongo." Akasugua paji la uso. "Ukisema hukumwona, kesho kila mwenye ugomvi na mkewe atakuja hapa kudai karani hakumwona. Ndoa ngapi umeandika?"

Nilirudi mezani nikafungua rejista za nyuma. Nilitaka kujua ni mara ngapi nilichukua jibu bila kuona uso. Kila mstari ulikuwa na maneno yale yale, amekubali, amekubali, kwa mwandiko wangu mzuri wa wino mweusi, na hakuna hata mstari mmoja ulioweza kuniambia niliingia ndani au nilisimama mlangoni. Mtu anayejivunia mpangilio alikuwa amepanga vizuri sana kitu asichokijua.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilipiga hesabu ya watu wangapi wangenicheka na kama kamati ya msikiti ingeniacha kazini. Kilichonishinda ni kitu kidogo: kila nilipojaribu kulitunga lile jibu la "nilisikia sauti", nilijiona nikilisema mbele ya yule mwanamke, na yeye akitazama viatu vyangu.

Nikarudi kwa sheikh nikamwambia nitasema kwamba sikumwona. Jumatano, baada ya swala ya alasiri, alituita wote: Idrisa, Bi Mwanahawa, Bwana Hemedi, mashahidi wawili, Zuhura na mimi. Tulikaa ofisini, viti havikutosha, mashahidi wakasimama.

Sheikh alianza na shahidi wa kwanza, mzee muuza mkaa. "Ulisikia nini?"

"Nilisikia 'nimekubali'."

"Sauti ya nani?"

"Sheikh, mie nasikia kwa sikio moja. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na ndani walikuwa wanawake watupu. Nijuaje ya nani?"

Shahidi wa pili akasema na yeye hivyo hivyo. Kisha sheikh akanigeukia. Nikasema nilisimama nje ya pazia. Nikasema sikumwona bibi harusi, sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake kabla ya hapo, nilijua kwenye fomu kwamba ni mjane na kwamba lazima atamke, na hata hivyo niliandika "amekubali kwa kutamka" kwa kuwa nilikuwa nawahi Mtoni. Nikasema sauti niliyoisikia Jumatatu si ile ya Ijumaa.

Idrisa aliinuka. "Karani umelishwa nini? Umekula kwangu, umenawa, umeomba dua. Leo unanivunjia nyumba?"

"Kaa, Idrisa," sheikh akasema. Akamtazama shangazi. "Bi Mwanahawa. Nani alijibu?"

Bi Mwanahawa hakukataa. Sijawahi kumsahau kwa hilo. Alikunja kanga yake magotini, akasema, "Mie nilijibu. Mtoto wa marehemu kaka yangu ana watoto wawili na hana mume. Mwanamume mzuri amekuja. Alikuwa ananyamaza, watu wanangoja. Mie mwenyewe nilijibiwa na shangazi yangu, na nimekaa na mume wangu mpaka nimemzika. Nilidhani ndivyo tunavyofanyaga."

Tulijua wote mle ndani kwamba ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, na kwamba waliokuwa na kazi ya kuizuia ni sisi tuliokuwa tunasimama mlangoni.

"Lakini ni mjane, mama," sheikh akasema kwa upole. "Hata baba yake angekuwa hai asingeweza kumsemea. Sembuse kaka. Sembuse wewe."

Bwana Hemedi alikuwa amekaa pembeni, kofia mkononi. Akasema, "Sheikh, mie niliambiwa amekubali. Ningeambiwa hajakubali, ningevaa kanzu ya nini? Na watoto, niliambiwa wanabaki kwa mjomba wao kwa ridhaa yake. Kama anawataka, waje. Nyumba ina vyumba vitatu."

Chumba kizima kilipumua. Sheikh alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Idrisa akakaa. "Alhamdulillahi," sheikh akasema. "Basi shida imekwisha. Mashahidi wapo, walii yupo, tuifunge upya sasa hivi kwa usahihi wake."

Hata mimi, nakiri, nilishaanza kutafuta kalamu.

"Sheikh, samahani," Zuhura akasema. "Hiyo ni habari ya watoto. Mie habari yangu bado hamjaniuliza."

Sheikh alimtazama, kisha akajikusanya, akakaa sawa. Akamuuliza kama inavyotakiwa, jina lake kamili, jina la mwanamume, mahari. Akamaliza: "Umemkubali?"

Zuhura alimgeukia Bwana Hemedi, akamtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. "Wewe sina neno baya juu yako," akamwambia. "Umesema vizuri kuhusu wanangu na nimesikia." Kisha akamgeukia sheikh. "Hapana. Sijamkubali. Sitaki kuolewa kwa sasa. Nikitaka, nina mdomo."

Idrisa akashika kichwa. Bi Mwanahawa akatazama ukuta. Bwana Hemedi akavaa kofia yake. "Nimesikia," akasema. "Na nimemsikia mwenyewe." Akamwuliza Idrisa cherehani iko wapi. Idrisa akasema ipo, iko sebuleni, kwenye boksi lake.

"Siku zote hizi hujanipa hata nilione boksi," Zuhura akasema.

"Lina tivii juu," Idrisa akajibu, akiwa hajafikiri.

Shahidi mzee akakohoa kuficha kicheko. Bwana Hemedi akasema bila hasira, "Shemeji, basi shusha tivii. Kesho nitatuma bajaji."

Alituaga mmoja mmoja kwa mkono akaondoka. Sheikh akasema ndoa haikusimama tangu mwanzo, kwa kuwa mjane hakutoa idhini, na kwamba nakala ya serikali, ambayo ilikuwa bado kwenye droo yangu, haitapelekwa. Yeye mwenyewe angekwenda kueleza ofisi husika. Akaniambia, "Karani, andika."

Nikafungua rejista kwenye ukurasa ule. Pembeni mwa mstari nikaandika: "Ndoa haikusimama. Mke hakukubali." Nikawa naisubiri saini ya sheikh.

"Naweza kusoma?" Zuhura akauliza.

Hakuna kinachokataza. Nikaigeuza rejista. Akasoma akifuata maneno kwa kidole, akarudia.

"Hapa umeandika kana kwamba kosa ni langu," akasema.

"Lakini si ndivyo? Hukumkubali."

"Leo sikumkubali. Hii ni ya Ijumaa. Mtu akifungua kitabu hiki miaka ijayo, wanangu wakikifungua, watasema mama yao aliita watu, akachinjiwa mbuzi, kisha akakataa. Ijumaa mie sikukataa kitu, mzee. Sikuulizwa."

Sheikh alinitazama tu, akaniachia.

Rejista ya ndoa haifutwi na wala haipakwi rangi nyeupe. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba ili neno la kwanza lisomeke, unaandika sahihi juu yake, unatia jina lako. Nikapiga mstari juu ya maneno yangu. Juu yake nikaandika: "Mke hakuulizwa. Aliyepaswa kumuuliza ni mimi." Nikatia jina langu kamili na saini, nikamgeuzia tena.

Alisoma polepole mpaka kwenye saini, akanirudishia.

"Hapo sawa," akasema.

Rejista hiyo imo kwenye kabati la chini, upande wa kushoto. Mtu akiwaharakisha tena, mfungulieni ukurasa huo, asome kilichokatwa na kilichoandikwa juu yake.